Karani wa Mizani

Sikuja kwa ajili ya sanaa. Ilinyesha,
nami nilikuwa nimevaa viatu vya Jumamosi.
Pale Makomeno, nyuma ya duka la dawa,
ukutani kuna kibao: Nyumba ya Vitu vya Mashariki,
bonyeza kengele. Umeme umekatika. Nikabisha.
Akafungua binti mmoja, Feza,
ufunguo shingoni, sweta ya kaka yake.

"Vyumba ni vitatu," akasema. "Cha tatu kinavuja."

Vitu vilikuwa vya daktari wa meno,
mgeni aliyeng'oa magego ya mji huu miaka arobaini
akafa bila mtoto, akaacha mabakuli.

Mimi ni karani wa mizani, Kasumbalesa.
Lori hupanda, sindano hutetemeka, naandika, lori hushuka.
Miaka kumi na tisa. Siku hizi ni namba nyekundu, si sindano,
lakini mkono wangu bado husubiri itulie.
Kwa hiyo kila nilichokiona nilikipima kwa jicho:
bakuli la kijani, kijani cha malakiti iliyooshwa, gramu mia nne;
karatasi ndefu yenye kunguru mmoja juu ya tawi
na weupe mtupu uliobaki. Ule sikuuweza;
mtungi mweupe wa Korea, tumbo limeegemea upande
kama mama mjamzito anayesubiri basi,
umeungwa kwa nusu mbili, na mfinyanzi
hakujisumbua kuficha mshono. Kilo tano na robo.

Feza alinifuata na taa ya simu.
"Uko napima nini, Papa?"
Nikaona haya. Nikamwambia.
Akacheka. "Kuya basi uone ile."

Chumba cha tatu. Beseni sakafuni, tone, tone.
Juu ya meza ya kupigia pasi, kengele ya shaba
isiyo na ulimi, imeota kutu ya kijani,
kutu ile ile ya bomba la kwa baba.
Ubavuni, alama. Naijua alama ile.
Wahandisi wanaotoka huko hunifikia kibandani
na lugha yetu ni vidole:
gumba na kidole cha mwisho, vingine vimekunjwa, ni sita.
Mmoja alinichorea nyuma ya karatasi ya forodha
jinsi inavyoandikwa: kifuniko,
na chini yake miguu miwili mifupi inayokimbia.
Sita. Basi zilikuwapo tano mbele yake.
Feza hajui ziliko. Daktari naye hakujua.

Nikasimama sana.
Maisha yangu yote nimeiona shaba ikienda.
Najua hii si yetu, ilichimbwa na watu wengine
kwenye kilima ambacho jina lake sitaweza kulitamka.
Hata hivyo ni shaba ya kwanza niliyoikuta
imekaa, haina karatasi ya kutokea.

"Kilo tisa," nikasema. "Tisa na nusu."
Feza akatoka mvuani bila neno,
akarudi na mizani ya Mama Kabulo, muuza unga,
sahani yake ingali nyeupe.
Tukaiweka kengele, sisi wawili,
kama mtoto siku ya kliniki.

Kilo tatu na gramu mia mbili.

Nikapima tena. Nikaigeuza, nikachungulia ndani:
giza, na harufu ya sarafu.
Feza akaigonga kwa ukucha, mara moja tu.
Sauti ikapita juu ya beseni, ikatoka dirishani,
na sikuwa na safu ya kuiandika.

Wageni husaini daftari. Aliyenitangulia alikuja mwezi wa nne.
Waliosoma huniambia hata shairi lina mizani;
nikahesabu kwa vidole, vya kwetu, nikaandika:

Nimepima milioni, tani zavuka mpaka,
Shaba ikenda melini, na mimi nikiandika;
Leo nimepima ndani, utupu ukanicheka.
Feza, rudisha mizani, mwenye unga anataka.